Mkonga Ndani ya Kapu la Omena

Jumatatu, 4 Agosti

Nimelala vibaya. Nesi wa kliniki aliniambia niandike kila asubuhi nimelala namna gani, halafu nimpelekee asome. Kuandika, naandika. Kumpelekea, hapana. Niliishia darasa la sita lakini najua mambo ya kitanda changu si ya kusomwa na msichana aliyezaliwa juzi.

Daftari ni la Jeff, kitinda mimba wangu, aliliacha alipoenda Nairobi. Kurasa za mbele ni hesabu. Zote zimepigwa kosa kwa wino mwekundu. Mimi aliniambia anapata zote!

Ugonjwa wenyewe ni huu: nikilala, pumzi inakatika. Eti inakatika na kurudi, inakatika na kurudi, kama stima ya hapa Busia, ndiyo maana nakoroma usiku na kusinzia mchana. Daktari alisema hivyo. Mimi sijawahi kuiona ikikatika. Nitaionaje na nimelala? Nikamwambia nasinzia mchana kwa sababu naamka alfajiri kupokea omena, dagaa ninaowauza sokoni. Hiyo hakuiandika.

Sasa nina mashine. Caro, binti yangu aliyeolewa Tororo, ameinunua na mume wake huko Kampala. Ilikuwa ya mzee fulani. Mzee amekufa. Nikauliza amekufa na nini, Caro akasema Mama, aligongwa na pikipiki. Hayo ni yake. Mimi najua tu kwamba mzee alikuwa na mashine na sasa hayuko.

Inakaa kando ya kitanda, inanguruma kidogo, ina mpira mrefu kama mkonga wa ndovu, na mwisho wa mkonga kuna barakoa ya kufunga puani kwa mikanda. Inapuliza. Inapuliza hata kama huna haja. Ukifungua mdomo, upepo unatokea mdomoni. Jana nilisahau kusali kabla ya kuivaa, nikaanza Baba Yetu uliye mbinguni, ikatoka fuuuu. Mungu alisikia nini, sijui. Nikaivua.

Chrispinus, mume wangu, angekuwepo angecheka. Hayupo. Alihamia kwa mke mdogo kule Bulumbi, ng'ambo ya mpaka. Hakusema anatafuta mapenzi. Alisema anatafuta usingizi. Hiyo iliniuma zaidi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Caro ana mimba ya kwanza, siku zimekaribia. Mjukuu wangu wa kwanza! Ni mimi wa kwenda kumlea. Lakini Caro ameweka sharti: kila asubuhi nimtumie picha ya uso wangu kwa simu, aone alama za barakoa kwenye ngozi. Bila alama, sitaachiwa mtoto peke yangu. Mimi, niliyelea wanne! Yote kwa sababu ya mtoto wa ndugu yangu aliyeteleza mapajani mwangu kanisani akabiringika chini ya benchi. Hakuumia. Alilia tu, na waliokuwepo wanasema hata hicho kilio ni kukoroma kwangu kulikomtisha.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata dawa! Si ya pumzi. Ya picha.

Asubuhi nilikuwa nakunywa chai, nikasinzia, pua ikaingia ndani ya kikombe. Kuamka, nimejitazama kwenye kioo: duara safi kuzunguka pua! Nikakandamiza tena kidogo, halafu kwa mkanda wa mkoba nikajichora ile mistari ya mashavuni. Nikapiga picha. Nikatuma. Caro akajibu na mioyo myekundu mingi, na maneno: Asante Mama, najua ni ngumu.

Ni ngumu kweli. Kikombe cha bati kinauma.

Mashine nimeifunga kwenye mkoba wake, nimeitundika msumarini. Ipumzike. Ilifanya kazi sana kwa yule mzee.

Kichwa kinagonga, mdomo umekauka kama gunia. Ni vumbi la malori. Sokoni nilisinzia kidogo tu, juu ya omena. Kuamka, maharagwe ya Hamidah yamevuka mpaka. Hamidah ni jirani yangu wa meza. Tumekaa naye miaka, tunapendana, lakini nikifumba macho gunia lake linasogea. Nikamwuliza kulikoni. Akasema Mama Caro, nilidhani umefunga biashara. Watu wakacheka. Akaongeza kwamba kuna mteja alikuja kutaka omena akaogopa, alidhani nyuma ya meza kuna lori limewashwa.

Sawa. Acheke. Mjukuu ni wangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa.

Leo picha ilitoka vizuri kuliko zote. Duara limekaa, mistari imekaa, hata nilitabasamu. Nikatuma. Nikangoja mioyo. Hakuna. Nikapepeta omena. Hakuna. Mchana akapiga simu.

Aliuliza Mama, hiyo mashine umeivua saa ngapi. Nikasema sasa hivi mwanangu, hata bado nina baridi puani. Halafu akasema nyuma ya kichwa changu kwenye picha kuna msumari, na kwenye msumari kuna mkoba, na mkoba umefungwa zipu mpaka mwisho, na juu ya zipu kuna utando wa buibui.

Nikasema buibui wa Busia wana haraka.

Hakucheka. Laiti angegomba! Nikigombezwa najua pa kushika. Lakini aliongea kwa sauti ndogo, ile aliyokuwa nayo utotoni akishikwa na homa. Akasema anaogopa. Anaogopa kuzaa, na anaogopa siku moja nitalala na pumzi isirudi, na anaogopa kuniachia mtoto, na anajichukia kwa kuogopa. Kwa hiyo atamwita mama mkwe wake aje kutoka Molo, ile ya kwao Uganda.

Mama Ojulong!

Siku ya mahari yeye na watu wake walilala kwetu. Asubuhi, mbele ya wazee wa pande zote mbili, akauliza kwa Kiswahili chake cha Uganda eti hii kijiji yenu, mashine ya kusaga iko nasaga usiku yote? Wazee walicheka hadi chai ikamwagika. Chrispinus alicheka kuliko wote. Na huyo ndiye atakayempakata mjukuu wangu kabla yangu, kwa ile mikono yake mirefu kama ya kuangulia papai.

Nimekula ugali bila hamu. Nimeumaliza, lakini bila hamu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefikiri. Mashine si njia pekee. Dunia ni kubwa, haiwezekani pumzi ya mtu iwe na mlango mmoja tu.

Nikamweleza Hamidah shida yangu. Sikutaka, lakini ndiye aliye karibu. Akanisikiliza vizuri sana, akiwa ameegemea upande wangu wa meza. Akasema marehemu mjomba wake alikuwa anakoroma akilala chali tu. Mke wake akamshonea mpira mdogo wa kuchezea mgongoni mwa shati la kulalia. Kila akigeuka chali, mpira unamdunga, anarudi ubavu. Alikufa kimya kabisa, akasema Hamidah. Alikusudia kunitia moyo.

Mpira sina. Nina chungwa. Nimelishona mgongoni mwa gauni la kulalia, kwenye kimfuko, kwa uzi wa gunia. Tutaona.

Jumamosi, 9 Agosti

Sitaki kuandika.

Chungwa lilipasuka. Mimi sikuamka. Sisimizi ndio walioamka, wote, na jamaa zao. Mgongo wangu sasa unaweza kusomwa na kipofu.

Hamidah akauliza kwa nini sikutumia kitu kikavu. Angesema jana! Halafu akavuta hewa, akasema Mama Caro, leo unanukia vizuri. Kwa muuza omena hilo ni tusi.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani. Nilikaa benchi la mbele kusudi nisisinzie. Nikasinzia mbele.

Pasta akahubiri juu ya Eutiko, yule kijana aliyesinzia dirishani Paulo akihubiri, akaanguka kutoka ghorofani, akaokotwa amekufa. Nadhani alichagua somo baada ya kuniona. Lakini Eutiko alifufuliwa palepale, na hakuna aliyempa mashine! Hilo pasta hakulisema. Nikalisema mimi, moyoni. Nilidhani ni moyoni. Watu waligeuka.

Baada ya ibada Marion wa kwaya akanivuta kando. Akasema kule Nabuyoga kuna mzee anaitwa Jacktone, anakata kimio. Kimio ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kikirefuka ndicho kinachoziba pumzi, mashine ya nini? Mzee ana kisu kidogo kilichopinda, anaingiza, anakata, unatema, umepona. Dada ya Marion alikatwa na sasa anaimba sauti ya kwanza.

Nesi alishanikataza hayo. Alisema watu wamevuja damu mpaka wakafa. Lakini nesi huyohuyo ndiye aliyesema barakoa nitaizoea kama pete ya ndoa. Pete yenyewe iko sandukuni.

Kesho naenda.

Jumatatu, 11 Agosti

Nabuyoga ni mbali kwa mtu aliyebeba hofu. Nilipofika benchi la nje lilikuwa limejaa, kila mtu ameshika shingo yake. Mwanamume mmoja akatoka ndani akitema damu kwenye kitambaa, akatuonyesha dole gumba kwamba ni sawa. Kusema hakuweza. Nikamwomba Mungu anipe sababu ya kutoingia.

Akanipa. Nilisinzia.

Haya nilisimuliwa. Eti nilikoroma mpaka kuku wakahama uani. Wagonjwa wawili waliondoka wakidhani ndani kuna mtu anachinjwa. Mzee Jacktone akatoka na kisu mkononi, akainamisha sikio, akanisikiliza kama fundi anayesikiliza injini, akasema mama huyu mumwamshe aende nyumbani. Kisu changu, akasema, ni cha kimio. Hicho chake kinataka shoka. Benchi lote likavunjika mbavu, hata yule wa damu.

Nilipoamka nikajifanya nimekasirika kwamba amekataa kunikata. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Akanionea huruma, akanipa mzizi. Nitafune kipande kila jioni. Ni mchungu kuliko maneno ya Mama Ojulong. Yeye mwenyewe anautafuna tangu ujana wake. Nikamtazama vizuri: mzee, mkavu, hai. Nikauchukua.

Nikiwa bado njiani simu ikalia. Namba ya Caro. Nikapaza sauti, mwanangu! Haikuwa Caro. Nikasikia yoga, yoga, ile salamu yao ya Kiteso, na kicheko nyuma yake. Mama Ojulong. Akasema mtoto imetoka, ni msichana, mzima, na Caro mzima, na mimi ndiye nimeshika ya kwanza. Hilo la mwisho alilisema polepole, nilisikie lote.

Nililia kwa furaha. Nusu. Nusu nyingine ilikuwa kitu kingine.

Baadaye Caro mwenyewe akaongea. Sauti imechoka, imekuwa ya mama. Akasema njoo, Mama. Lakini njoo na mashine. Ukija bila mashine utamwona mtoto mikononi mwa watu wengine tu.

Jumanne, 12 Agosti

Hamidah ameniambia nikivuka mpaka na mashine isiyo na karatasi nitashikwa. Yeye hajawahi kuvusha mashine yoyote, lakini anajua. Akasema nimwachie meza, ataiangalia. Najua ataiangaliaje.

Sikuhofu. Nimevusha omena maisha yangu yote na nimejifunza jambo moja: hakuna askari anayetia mkono ndani ya omena. Nikachukua kapu kubwa. Mashine chini, mpira umezungushwa, barakoa katikati ya mpira, halafu omena mpaka juu. Leso juu ya omena. Nikajisifu.

Mpakani, mbele yangu, kulikuwa na mama anasukuma kiti cha magurudumu cha hospitali, kipya, hakikufunikwa hata na gazeti. Hakuulizwa kitu. Askari alimsaidia kusukuma! Zamu yangu akauliza mama umebeba nini. Nikasema omena, binti yangu amejifungua. Akasema hongera nyanya, pita. Hata leso hakuigusa. Nikapita na ujanja wangu wote, nao ulikuwa mzito.

Tororo. Sijaweka kapu chini, paka wa mtaa walishafika.

Mjukuu wangu. Sina maneno. Ana pua yangu, maskini. Nikanyoosha mikono. Caro akasema kaa kwanza mkekani, Mama, egemea ukuta. Wakaniwekea mto kulia na mto kushoto, na Mama Ojulong akapiga magoti mbele yangu mikono wazi, kama golikipa. Hivyo ndivyo nilivyompakata mjukuu wangu wa kwanza. Kama mlevi aliyepewa mayai. Na kabla sijamaliza kumnusa kichwa, nikafumba macho kidogo kwa utamu, na golikipa akamchukua.

Sikusinzia! Nilikuwa nafurahi macho yamefungwa. Hawakuniamini.

Mambo ya kulala. John Paul ni mkwe wangu, na mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe. Kwetu Wasamia ni mwiko, na kwao Wateso ni mwiko, hapo angalau tumepatana. Tandiko langu liko jikoni, nyumba ndogo ya nje. Stima inanijia kwa waya uliotoka dirishani mwa chumba chao. John Paul aliuvuta mwenyewe, amenipa mgongo, akinisalimia kupitia kwa mke wake ingawa nilikuwa karibu kumgusa. Kijana wa heshima.

Ndipo nikaona. Lile dirisha lao linatazamana na jiko. Atanisikia! Mkwe amsikie mama mkwe wake akikoroma! Na kesho mama yake amwulize kama kinu kimesaga vizuri! Nitahama Afrika Mashariki.

Basi nitaivaa. Si kwa ajili ya pumzi. Ni kwa ajili ya adabu. Na mzizi nitautafuna pia, kwa uhakika.

Nimeijaribu sasa hivi. Inanuka omena. Upepo wote ni omena. Ni kama kulala mdomoni mwa ziwa.

Jumatano, 13 Agosti

Leo nimekufa. Naandika nilivyosimuliwa.

Kilichoniamsha ni kilio cha msiba. Kikubwa, cha wanawake. Mungu anisamehe, wazo langu la kwanza lilikuwa ni Mama Ojulong. Nikahuzunika kidogo. Kidogo tu. Nikafungua macho, na huyo hapo mlangoni, mzima, mikono kichwani, ananililia mimi.

Ilikuwa hivi. John Paul aliamka mapema. Mama yake alimwonya jana kwamba usiku atasikia kinu. Hakusikia kitu. Akatoka uani, akasimama. Kimya. Akakohoa. Kimya. Hofu ikamshika. Lakini angefanya nini? Mkwe haingii alikolala mama mkwe, hata moto uwake. Akamwita mama yake. Mama yake akasukuma mlango, akaona nimenyooka chali, sikoromi, sitikisiki, nina mkonga usoni, na paka wamenikalia kifuani, mmoja analamba barakoa. Nani angengoja daktari?

Akapiga ukunga. Majirani wakajaa. John Paul akabaki uani ameupa mlango mgongo, machozi yanamtoka, anauliza kwa sauti kama nimeshapoa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kunigusa ajue. Wanaume wakaanza kupanga nani atatafuta gari la kunirudisha Kenya.

Nikaketi. Nikataka kusema jamani, ni mimi. Ikatoka fuuuu.

Wakakimbia! Jirani mmoja, Omoding, mwanamume mzima mwenye ndevu, alipita katikati ya sufuria. Mama Ojulong aliacha ndara moja ambayo haijaonekana mpaka sasa. Nadhani paka wanajua.

Caro hakukimbia. Alikuja akitembea kwa shida, mtoto kifuani. Akanivua barakoa. Akanipiga begani, akanikumbatia, akanipiga tena. Alikuwa anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa, na mimi, aliyekufa, ndiye niliyembembeleza.

Habari zilikuwa zimeshafika Bulumbi, na hata kuvuka mpaka. Nikampigia Chrispinus. Alikuwa ameambiwa alfajiri kwamba sipo tena duniani. Akasema alikuwa anakuja. Kesho kutwa, akimaliza kupalilia. Nikamwuliza kwa nini si leo. Akasema sasa unataka haraka ya nini, si umefufuka?

Nikampigia Hamidah. Alilia kwa furaha, alilia kweli, aliita Mungu kwa majina yote. Na katikati ya kilio nikamsikia akimwambia mteja maharagwe ya njano yako huku, na mekundu yako pale. Pale ni kwangu! Meza nzima! Akasema alikuwa anailinda isije ikachukuliwa na watu wabaya.

Kwa hiyo hivyo ndivyo nitakavyoliliwa. Mume anapalilia, shoga anapima maharagwe, na adui ndiye anayetoa machozi ya kweli. Nimejua mapema. Watu wengine hawapati nafasi hiyo.

Jioni. Nyongeza. Leo sijasinzia. Nimekaa mchana kutwa. Kichwa hakiumi. Nimesikia hadithi ya Mama Ojulong kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwisho wake si mzuri kama nilivyokuwa nadhani.

Alhamisi, 14 Agosti

Jana usiku nilivaa tena, ilibidi, majirani walikuja kuchungulia kama kweli mtu anaweza kulala na mkonga. Na mzizi nikatafuna. Nikalala kama jiwe la mtoni. Hakuna aliyelia.

Na leo! Leo nimempakata mjukuu bila mto. Bila golikipa! Golikipa mwenyewe alisinzia mchana, mdomo wazi, akakoroma. Nikamtazama kwa raha kubwa. Nikamfunika mguu usio na ndara. Mtoto alinishika kidole akanitazama na mimi nikamtazama, muda mrefu, macho yangu yote mawili wazi. Nilimhesabu kope.

Caro alikuwa mlangoni, sikumwona. Akasema Mama, uso wako umekuwa kama ule wa zamani, wa nikiwa shule ya msingi. Akakaa karibu nami, akaegemea bega lilelile alilolipiga. Akasema hajalala tangu azae. Kesho Mama Ojulong anarudi Molo kuangalia mbuzi wake, John Paul atakuwa kazini, na yeye, Caro, anataka kufunga mlango wa chumba alale mchana mzima, na mtoto abaki na mimi. Mimi peke yangu. Akiona tu alama usoni asubuhi, atafunga mlango na moyo wake utatulia.

Nimelia. Nzima, si nusu.

Sasa ni jioni na nimekaa nafikiri, maana hili jambo la kesho si la mchezo. Lazima usiku huu nilale vizuri kuliko wote. Nimejiuliza: ni nini kimenisaidia? Nimepima kila upande. Yule mzee wa Kampala alikuwa na mashine. Amekufa. Mzee Jacktone ana mzizi. Yuko hai. Mashine niliivaa, watu wakanililia. Mzizi nimeutafuna, mkwe hajasikia kitu. Hata mtu wa darasa la kwanza anaona jibu.

Kwa hiyo leo mzizi tu, vipande viwili badala ya kimoja. Mashine nimeirudisha kapuni chini ya leso. Nipumzike na ule upepo wa omena, niamke na nguvu za mjukuu wangu.

Limebaki jambo la alama.

Nimeomba kikombe, cha bati, chenye mdomo mpana. Caro, mtoto wangu mzuri, ameniletea kikiwa na chai ndani, moto, sukari nyingi kama ninavyopenda. Nimeinywa haraka.